Sikio Lilikaa Wapi

"Fundi wa sendofu na harusi wewe, usinifundishe violini," Hilaria alikuwa anasema, kidole kimebakiza kidogo tu kigonge pua ya Frank. "Violini wewe umeionea wapi? Juu ya keki?"

"Na wewe umeionea wapi, mwalimu? Huko Kongwa, imefungwa shingoni mwa mbuzi?"

"Nimeisikia kichwani kwangu, ndiyo maana nikaitunga. Wewe kichwani kwako kuna nini zaidi ya hiyo kofia?"

Sajini Abdulrazaki aliingia studio maneno yakiwa hapo, na hakuna aliyemwona. Hakukohoa, hakusalimu. Akaegemea ukuta, akakunja mikono, akawaacha waendelee. Wapo askari wakikuta ugomvi wanakimbilia kuutuliza. Yeye alikuwa na msemo wake: maziwa hujui kama yameharibika mpaka yachemke. Basi akayaacha yachemke.

Studio ilikuwa ya Frank, hapo Makole, nyuma ya duka la vifaa vya umeme. Na Frank si mtu wa kuulizia nyumba yake. Dodoma nzima ukisema Maestro, hata bodaboda anageuza bila kukuuliza kona. Harusi ikiwa na muziki wa Frank, watu wanasema ilikuwa harusi. Isipokuwa na muziki wake, wanasema tulikula tukaondoka. Mwenyewe analijua hilo, anatembea nalo kifuani kama medali.

Hilaria naye hakuwa wa kusukumwa. Mzaliwa wa Kongwa, mwalimu wa muziki wa sekondari, amepanga chumba Nzuguni, mrefu, na sauti yake akiinyanyua hata vikombe mezani vinakaa sawa. Watu wawili wenye majivuno ndani ya chumba kisicho na dirisha, yaani pumzi yenyewe ilikuwa ya kugombania.

"Nimekaa na muziki huu mwaka mzima," Frank akasema akijipiga kifua. "Kila ngoma iliyomo humo naijua kama watoto wangu. Niamshe usingizini nitakwambia ipo wapi."

Razaki akalisikia hilo. Akaliweka.

Mzee Bartolomayo ndiye wa kwanza kumwona. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, suti yake ya kijivu imeshaanza kuloa mgongoni, simu mkononi. Razaki akampa shikamoo yake, mzee akaitikia marahaba ya haraka haraka, halafu akaanza kulia shida. Yeye ni mwenyekiti wa kamati ya ufunguzi wa ukumbi mpya wa mji. Alasiri ile ile ukumbi unafunguliwa, na kabla ya hotuba yoyote utapigwa muziki mkubwa wa okestra uliotungwa na mtu wa Dodoma, halafu mshereheshaji atamtaja mtunzi, mtunzi atasimama, watu watapiga makofi. Kamati ilitangaza shindano, ikasikiliza kazi zote, ikachagua ya Frank. Tatizo ni kwamba Hilaria alipousikia ukijaribiwa ukumbini alipanda jukwaani na viatu mkononi akasema huo ni wake, umetoka kwenye diski yake iliyoibiwa chumbani. Mzee hakuwa na neno na mtu. Alichotaka ni jina moja. Sasa ana majina mawili, na mshereheshaji anampigia simu kila akikaa.

"Mimi sina haraka ya kutajwa," Hilaria akasema. "Mwenye haraka ni mama yangu."

Na hapo ndipo palipokuwa na moto wenyewe. Mama yake, Editha, ndiye kiongozi wa kikundi cha wanawake wapiga ngoma kule Kongwa, na hao wanawake walikuwa wamekodi Kosta, wamevaa sare, wamekuja kusikia ngoma zao zimeingizwa ndani ya okestra na binti yao. Hilaria aliwaahidi mbele ya kanisa zima. Simu ya mwisho walikuwa njiani, wameshapita Buigiri. Wakiingia ukumbini, wakasikia ngoma ni zile zile na anayesimama kupigiwa makofi ni mwanaume wa Makole mwenye kofia, basi Hilaria harudi tena Kongwa. Ataitwa mwongo na watu waliomfundisha kushika kijiti.

Razaki akasogea katikati ya chumba. Mtu mfupi, mweusi, kanzu ya Ijumaa ameiacha nyumbani amevaa shati la mikono mifupi na kalamu mfukoni. Naye ni wa Makole hapo hapo, wazee wake walifika na misafara ya pembe za ndovu wakachoka kutembea, wakajenga. Akasema sasa ametosheka na matusi, tuendelee na kazi. Akaagiza Wilbert aingizwe.

Wilbert akaingia na koplo nyuma yake, akakaa juu ya boksi la spika bila kumtazama mtu. Huyu ni mtoto wa mjomba wake Hilaria, fundi kompyuta pale Nzuguni, na mpaka jana jioni alikuwa ndiye mwizi. Kila kitu kilimwelekea yeye. Mlango wa Hilaria haukuvunjwa, na ufunguo wa pili anao Wilbert. Alipoulizwa mara ya kwanza akasema siku hiyo alikuwa msibani Chemba. Razaki akapiga simu moja tu, Chemba wakamwambia hawana msiba, wana kipaimara. Kijana akabanwa, akalegea.

Hadithi aliyoitoa ilikuwa hii. Diski aliichukua yeye, ndiyo. Lakini hakuiuza. Aliona dada yake ametunga kitu kikubwa halafu anakisikilizia kwenye kompyuta yenye spika kama za simu, akaona ni aibu ya ukoo. Akaipeleka kwa Maestro, mwenye spika nzito kuliko wote, wakaisikiliza pamoja. Maestro akamwambia iache hapa niisikilize vizuri, njoo kesho. Kesho alipokuja akaambiwa diski gani? Akashindwa kusema nyumbani. Polisi alikuwa anawaogopa, lakini alimwogopa Hilaria zaidi.

"Na bado," Hilaria akasema.

Frank akacheka. Akasema huyu kijana hajawahi kukanyaga hapa. Na hata angekanyaga, ni ndugu yake. Ndugu akimshuhudia ndugu, mahakama inapiga miayo. Halafu akawasha skrini, akafungua faili, akageuza kiti ili kila mtu aone. Tarehe ya kutengenezwa: mapema kuliko siku ambayo Hilaria mwenyewe alisema ameanza kutunga.

Mzee Bartolomayo akainamia skrini, akavaa miwani, uso ukanyooka. Tarehe ni tarehe.

"Afande, hiyo ni saa ya kompyuta tu," Wilbert akasema kutoka kwenye boksi lake. "Nipe mimi dakika, nitaonyesha muziki huu ulitungwa kabla Maestro hajazaliwa."

Razaki akamuuliza Frank kama hilo ni kweli. Frank akasema inawezekana, kwa watu wahuni. Razaki akasema basi tarehe si shahidi, ni mpita njia. Akaomba muziki upigwe.

Sasa hapa lazima ieleweke hii kazi inavyofanywa, maana hata Razaki alijifunza usiku wa kuamkia siku hiyo, Wilbert akimweleza kituoni kwa mkono mmoja huku mwingine anajitetea. Siku hizi huhitaji kundi la wazungu wenye suti nyeusi ili upate okestra. Violini imo ndani ya kompyuta, tarumbeta imo, ngoma imo. Zilirekodiwa sauti moja moja, wewe unazipanga kwa kinanda. Lakini zikitoka hivyo zinatoka kavu. Kavu kabisa, kama mtu anaongea amejifunika blanketi. Kwa hiyo unazipitisha kwenye programu nyingine, ya mwangwi. Hiyo programu inakuchorea ukumbi kwenye skrini, unautazama kutoka juu kama mwewe anavyoutazama ua wa nyumba. Kila chombo ni kidoti. Unakikamata kidoti unakiburuta mpaka unapotaka kikae, na programu inapiga hesabu yenyewe: sauti ikitoka hapa itagonga ukuta gani, itarudi vipi, itamfikia msikilizaji kwa nguvu gani. Ukimaliza, vyombo ambavyo havijawahi kuonana vinakuwa vimekaa chumba kimoja.

Frank akapiga muziki. Na Mungu shahidi, ulikuwa muziki. Ngoma zilianza chini chini kama watu wanaotwanga nyumba ya tatu, violini zikanyanyuka kama upepo wa mwezi wa nane unavyokuja na vumbi lake, halafu tarumbeta. Koplo pale mlangoni akajikuta amesimama mkakamavu. Frank alifumba macho, akiongoza kwa vidole viwili.

Razaki hakufumba macho. Aliinama akaweka sikio kwenye spika ya kushoto. Akavuka chumba akaweka sikio kwenye ya kulia. Akarudi tena kushoto. Wenzake wakamwona kama anatafuta panya. Halafu akasimama mbele ya miksa, lile limeza la vitufe, akanyoosha kidole kwenye kitufe kimoja kilichofunikwa na selotepu. Selotepu ilikuwa ya siku nyingi, imeshageuka rangi ya chai.

"Hiki kina nini, Maestro?"

Frank akapunguza sauti. Na akajibu kwa raha, kama mtu aliyeulizwa habari za mwanawe wa kwanza. Alisema hicho ni kitufe cha kutenganisha kushoto na kulia, na yeye alishakizika. Wanaojifunza wanapenda tarumbeta itoke huku, gitaa litoke kule. Ukumbini huo ni ujinga.

"Aliyekaa meza ya kushoto kachangia harusi sawa na wa kulia," akasema. "Kwa nini nimnyime tarumbeta? Kwangu kila spika inatoa kila kitu. Ndiyo siri yangu, afande, na hakuna aliyewahi kulalamika."

Razaki akamsifu. Akasema ni haki, kweli kabisa. Kisha akazima skrini ya kompyuta, akawaomba Hilaria, Wilbert na koplo watoke waende uani. Mzee Bartolomayo abaki awe shahidi. Mlango ulipofungwa akamwambia Frank kwamba amesikia akisema anazijua ngoma zake hata akiamshwa usingizini. Basi asimame katikati ya chumba, afikirie huu ndio ukumbi, aonyeshe kwa mkono nani amekaa wapi.

Frank hakubabaika. Akazigeukia spika za ukutani kama mtu anayetazama jukwaa. Violini mbele, upana wote. Tarumbeta pembeni. Ngoma nyuma kabisa, zimejikusanya karibu na ukuta wa mwisho, kama okestra yoyote duniani, maana ngoma ukiiweka mbele inameza watu. Ngoma ngapi? Sita.

"Una hakika ni sita?"

"Nimeziweka mwenyewe."

Akatolewa, akaingia Hilaria. Alipewa swali lile lile. Yeye hakusimama. Akavuta zulia kwa mguu, akakaa chini miguu kaikunjia upande, mgongo amezipa spika. Akanyoosha mkono wa kushoto: hapa ngoma kubwa, ya mama. Huku kulia mbili ndogo. Mbele ya magoti yangu mbili nyingine, zinajibizana. Violini nyuma yangu, mbali, maana kwa mama wanaume wa zeze hawasogei karibu na ngoma za wanawake mpaka waitwe. Tarumbeta kule pembeni, mbali na wote, kama mtu anaita kutoka shamba la pili.

"Ngoma ngapi jumla?"

"Tano."

"Na wewe?"

"Mimi niko katikati," akasema. "Ningekuwa wapi?"

Mzee Bartolomayo akamtazama Razaki kwa jicho la kusema unaona, huyu majivuno yamemzidi. Razaki hakurudisha jicho. Akawaita wote ndani, akawasha skrini, akamwambia Frank afungue ule mchoro wa ukumbi.

Mchoro ukafunguka, na kwa Hilaria ulifunguka vibaya.

Vidoti havikuandikwa majina, vilikuwa na rangi tu. Violini za bluu, zimejipanga chini ya skrini, upande ambao mtu yeyote angesema ni mbele. Tarumbeta za njano pembeni. Na juu kabisa, karibu na ukuta wa mwisho, vidoti vyekundu vya ngoma vimejikusanya. Mzee akavihesabu kwa kidole bila kugusa kioo. Akavihesabu tena. Sita.

Frank aliivua kofia yake, akaipulizia vumbi ambalo halikuwepo, akaivaa. Wilbert alishika kichwa. Hilaria akafungua mdomo, na Razaki akainua kiganja.

"Mwalimu, tafadhali. Ukisema wewe litakuwa neno lako na lake, tutarudi kule kule kwenye keki na mbuzi. Acha mashine iseme."

Hilaria akaufunga mdomo. Ilimgharimu, mishipa ya shingo ilionekana.

Mzee alishasimama na kuvuta koti lake. Alisema kwa upole, kama mtu anayezika, kwamba ameona kwa macho yake, na kwamba Maestro amesema sita bila kutazama na ni sita, amesema nyuma na ni nyuma, na kwamba binti naye ni mwenzetu hatutamwaibisha, ila jina sasa lipelekwe. Simu yake ilikuwa inaita tena.

"Mzee wangu, kaa kidogo," Razaki akasema. "Maestro, nipigie ngoma moja moja. Peke yake. Nataka niwafahamu hao watoto wako."

Frank akabofya cha kwanza. Ngoma nzito, inatoka tumboni. Cha pili, nyepesi. Cha tatu, jirani yake. Cha nne na cha tano, zile zinazojibizana. Akabofya cha sita.

Kimya.

Akabofya tena. Akaongeza sauti mpaka spika zikaanza kuunguruma zenyewe. Kimya. Akasema imezimwa, ni ya akiba, kuna wakati mtunzi anaweka chombo cha akiba. Razaki akauliza akiba ya nini. Frank akasema ya kuongeza uzito. Razaki akasema sawa, basi kama ni ya akiba haina kazi, ukiiburuta ukaipeleka popote muziki hautabadilika. Si ndiyo?

"Ndiyo," Frank akasema, lakini safari hii neno lilitoka jembamba.

Razaki hakusubiri. Aliweka ukucha kwenye ile selotepu ya rangi ya chai, akaivuta. Ilitoka na kelele kama kitambaa kinachochanika. Akabonyeza kitufe kilichozikwa, akamwambia Frank apige muziki tangu mwanzo.

Studio ikafunguka. Hakuna neno lingine. Ile ngoma nzito ikatoka kushoto, kushoto hasa, mpaka mzee Bartolomayo akageuza shingo kuangalia nani ameingia. Ndogo mbili zikajibu kulia. Nyingine mbili zikaja mbele, moja inauliza, moja inajibu, na katikati yao pakabaki nafasi ya mtu mmoja kukaa. Violini zilikuwa mbali, zimeomba ruhusa hazijapewa. Koplo akasema ehe, taratibu, kama mtu kanisani.

Frank alikuwa amesimama na mkono kwenye kipanya, hatikisiki.

"Sasa kiburute hicho kidoti cha sita," Razaki akamwambia. "Kilete huku chini, kwenye violini. Pole pole."

Akakiburuta. Na okestra nzima ikageuka. Kila alivyokishusha, ngoma zilirudi nyuma, zikafifia, zikaenda kama wanawake wanaokatiza mlima na mizigo yao, na violini zikasogea, zikasogea, mpaka zikawa sikioni kabisa. Hakuna chombo kilichohama. Vyote vilikuwa pale pale kwenye skrini. Aliyehama ni mmoja.

"Hiyo si ngoma, Maestro," Razaki akasema. "Hilo ni sikio. Ndiye msikilizaji mwenyewe. Wewe umeutazama mchoro ukaona violini ziko chini, ukasema huku ndiko kwenye viti, huku ndiko mbele, kwa sababu kila ukumbi uliowahi kufunga spika una viti na una mbele. Aliyeupanga huu hakukaa kwenye viti. Mwalimu, sasa sema."

Hilaria hakupaza sauti. Ndipo Razaki alipojua ukubwa wake, maana mtu mwenye sauti kama ile kuongea chini ni kazi. Alisema kwenye kikundi cha mama yake binti hapewi ngoma kwa sababu ameitaka. Kwanza anakalishwa katikati ya ngoma, mikono mitupu. Msimu mzima wa mavuno anakaa hapo, anapigiwa kutoka kila upande, anajipiga mapajani, na akimaliza ndipo mama anamkabidhi. Aliyekaa hapo anahesabiwa ni wa ngomani ingawa hana ngoma. Hata chakula anakula sinia moja nao.

"Hicho kidoti ni mimi, nimekipaka rangi yao kwa sababu mimi ni wa kwao," akasema. "Na hicho kiti hakiko kwenye okestra yoyote duniani. Kiko Kongwa. Nilitaka kila atakayeingia ule ukumbi leo, hata waziri, akalishwe pale, mikono mitupu, apigiwe na mama yangu."

Mzee Bartolomayo akaketi tena. Suti yake ilishaloa yote. Alianza kusema kitu kuhusu kamati, akakiacha njiani.

Razaki alimalizia kazi kwa sauti ya kawaida, kama anayesoma maelezo. Kwamba mtu hawezi kutunga muziki unaokaa pande zote halafu asijue una pande. Kwamba Frank aliupata umekamilika, akaupigia kwenye spika alizozifungia masikio mwenyewe, na akakariri picha badala ya sauti. Kwamba maneno ya Wilbert kuhusu diski sasa yana miguu ya kusimamia, na hiyo diski ingetafutwa humu humu. Akamuuliza Frank kama koplo aanze kupekua kabatini au kwenye droo.

Frank aliinamisha kichwa kuelekea spika ya kushoto, kama Razaki alivyofanya mwanzo. Muziki ulikuwa bado unaendelea, umefika kwenye tarumbeta.

"Droo ya chini," akasema baadaye. "Chini ya nyaya."

Koplo akaenda. Hilaria alishavuta pumzi ya kummwagia maneno, ilionekana kabisa, na alikuwa na haki nayo yote. Lakini Frank akamtangulia, na hakumtazama yeye. Alikuwa anaitazama spika.

"Huyo kijana alipouleta nilisema Dodoma hakuna mtu wa kuutunga huu zaidi yangu. Nikajiambia kama hakuna mwingine, basi ni wangu. Nimeupiga asubuhi na jioni wiki zote hizi." Akajifuta mdomo kwa mgongo wa mkono. "Mimi. Watu wananiita Maestro. Na sijausikia hata mara moja."

"Hukuuliza," Hilaria akasema. "Ungeuliza ningekukalisha."

Hilo liliingia kuliko tusi. Razaki aliliona linavyoingia.

Koplo akanyanyua diski kutoka chini ya nyaya, nyeusi, ina kipande cha kitenge kimegundishwa juu yake. Hilaria akaipokea kwa mikono miwili. Simu yake ikaita wakati huo huo. Akaiweka sikioni, na chumba kizima kikasikia wanawake wanaimba ndani ya gari, na sauti moja nene juu ya wote inauliza mmejipanga? Sisi tuko Ihumwa. Hilaria akaitikia kwa Kigogo, maneno machache, akageuza uso ukutani. Wilbert akaamka kwenye boksi lake, akasimama nyuma ya dada yake, mbali kidogo, kwa usalama.

"Mzee Bartolomayo," Frank akasema. "Peleka jina la mwalimu. Na uwaambie mafundi wa pale ukumbini watenganishe spika, kushoto na kulia. Waambie nimesema mimi. Bila hivyo hawatakubali, niliwafundisha mwenyewe kuziunganisha."

Mzee akaandika ujumbe kwenye simu kwa kidole kimoja, akiutamka herufi kwa herufi.

Razaki akamwambia Frank atoke, gari liko mbele, koplo atakuwa nyuma yake. Pingu alikuwa nazo kiunoni, hakuzigusa. Frank akatikisa kichwa kukubali. Kwanza akarudi kwenye kompyuta, akakikamata kile kidoti chekundu kwa kipanya, akakipandisha taratibu kupita violini, kupita tarumbeta, mpaka juu, akakiweka katikati ya zile ngoma tano. Akakisogeza kushoto kidogo. Akasikiliza. Akakirudisha kulia kidogo zaidi, hadi ngoma ya Mama Editha ilipokaa mahali pake na Hilaria, akiwa bado ameelekea ukutani, akasema hapo.

Akauanzisha muziki tangu mwanzo. Akavua kofia, akaiacha juu ya miksa.

Mlangoni alisimama kidogo. Nje bodaboda zilikuwa zinapiga honi na muuza maji anagonga chupa zake. Frank akatoka, koplo nyuma yake, akaurudisha mlango, akausukuma kwa bega mpaka sponji za kuzuia sauti zikabana na kelele za mtaa zikakatika, ngoma zikabaki ndani peke yake na wenyewe.